Shahamu ya Kuwasha Taa

Shahamu ya ng'ombe au ya mbuzi huwaka. Lakini usiitie katika koroboi. Ikipoa huganda, na utambi haupati mafuta. Itie katika kibakuli cha udongo. Laza utambi wa pamba, ncha yake itokeze ukingoni. Moto wenyewe utaiyeyusha kidogo kidogo. Moshi utakuwepo, na panya watafuata harufu. Shahamu ikishika moto mkubwa, usimwagie maji. Funika.

Je, ni vema kuichoma? Kwanza tazama jikoni. Kwa uzito ule ule, shahamu ina nguvu zaidi ya mara mbili ya unga. Kijiko kimoja katika uji wa mtoto kina faida kubwa. Choma ile tu isiyofaa kuliwa. Na jirani akiingia, mwambie ni shahamu ya mnyama gani. Wengine dini yao inakataza nguruwe. Wana haki ya kujua.

Kuchoma mabaki ni jambo moja. Kuua mnyama kwa ajili ya taa ni jambo jingine. Mwaka 1846 Wamarekani walikuwa na meli zaidi ya 700 za kuwinda nyangumi. Walichukua mafuta ya kuwashia taa, nyama wakaitupa baharini. Aina kadhaa za nyangumi zilikaribia kwisha.

Siku hizi viwanda vya Ulaya hutengeneza dizeli kwa shahamu ya machinjioni. Ng'ombe hao wamechinjwa kwa ajili ya nyama.

Zungumzeni darasani: Kijijini kwenu, shahamu inayobaki baada ya kuchinja huenda wapi?