Mguu Uliokatwa kwa Uzembe: Anza na Faili

Kukatwa mguu hospitalini, peke yake, hakukupi fidia. Wapo majeruhi ambao daktari huwakata mguu ili kuokoa uhai wao, na hana kosa. Mahakama itataka uthibitishe kwamba hospitali ilikuwa na wajibu wa kukutibu, kwamba ilikutibu chini ya kiwango cha mtaalamu makini, na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyouua mguu. Hili la mwisho ndilo gumu.

Mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, wagonjwa wawili waliofanana jina la kwanza walichanganywa: mwenye tatizo la goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Kosa kama hilo linajieleza lenyewe. Kuchelewa hakujielezi.

Tuseme kijana wa mkokoteni amegongwa na bodaboda Mtaa wa Congo, Kariakoo. Mguu umevunjika, amefungwa hogo. Usiku vidole vinavimba, vinapoa, vinakufa ganzi. Analalamika, anaambiwa avumilie. Hizo ni dalili kwamba damu haipiti, na misuli huweza kufa ndani ya saa chache. Hogo lilipaswa kufunguliwa palepale. Siku ya tatu mguu ni mweusi. Kesi yake yote imo kwenye saa: alilalamika saa ngapi, nani alikuja kumwona, hogo lilifunguliwa lini. Hayo yamo kwenye faili, au yalitakiwa yawemo. Yakikufika kama hayo, wewe na ndugu zako ombeni kwa barua nakala ya faili, picha za eksirei na fomu ya rufaa, na mbaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Ndugu waliolala naye wodini waandike walichokiona na saa zake wakiwa bado wanakumbuka. Kisha mtafuteni daktari bingwa wa mifupa asiyehusika, atoe maoni ya maandishi.

Wengi hukata tamaa kwa sababu walisaini fomu ya upasuaji. Saini ile ni ridhaa ya kupasuliwa. Haimsamehe mtu uzembe.

Muda wa kufungua kesi ni miaka 3, kwa Sheria ya Ukomo wa Muda. Muhimbili, Amana na Mnazi Mmoja ni hospitali za umma: huko lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, halafu kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Kwa hospitali binafsi, unaanza kwa barua ya madai. Hospitali ikikuita ikupe pesa kidogo ili usaini kwamba yamekwisha, usisaini kabla wakili hajaisoma karatasi hiyo.

Gharama ulizotumia na kipato ulichopoteza vinahitaji ushahidi. Mchukuzi hana hati ya mshahara, lakini ana miamala ya simu, kitambulisho cha mjasiriamali, na matajiri wa maduka anaowabebea mizigo. Maumivu na ulemavu hukadiriwa na mahakama.

Malalamiko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika yanaweza kumfutia daktari usajili, ila Baraza halilipi fidia. Usikae kusubiri uamuzi wake huku miaka 3 ikikatika.

Asiye na pesa za wakili aende Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au kwa mtoa huduma yeyote aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kama mguu ulikatwa mwaka juzi, peleka barua ya kuomba faili wiki hii.