SOMO: Je, Mtoto wa Chekechea Anacheza au Anajifunza?



Malalamiko ni yale yale kila muhula: "Mtoto anarudi nyumbani na matope tu, hata A hajaandika!" Mwalimu akisikia hivyo mara mbili tatu, anaogopa. Anaacha njia mpya na kurudia kuimbisha watoto ubaoni. Kwa hivyo leo tujifunze pamoja kazi yake ni ipi.

Kilichobadilika

Mtaala wa umilisi, yaani CBC, ulianza mashuleni mwaka wa 2019 kuchukua nafasi ya 8-4-4 iliyoanza 1985. Mtoto huanza na miaka 2 ya chekechea, PP1 na PP2, akiwa na umri wa miaka 4 au 5. Kwa Katiba ya 2010, chekechea ni jukumu la serikali ya kaunti.

Mtaala unataja umilisi 7: kuwasiliana na kushirikiana, kufikiri na kutatua matatizo, ubunifu, uraia, ujuzi wa kidijitali, kujifunza namna ya kujifunza, na kujiamini.

Kukariri si kuelewa

Mwalimu anaweza kutaja yote 7 bila kukwama, na darasani mambo yakabaki ya zamani. Tazameni mfano huu. Mwalimu wa kwanza anaandika 2 + 3 = 5, watoto wanaimba. Wa pili anampa kila mtoto vifuniko 5 vya chupa na kusema, "Gawa mafungu mawili." Mmoja anapata 2 na 3, jirani yake 4 na 1. "Mbona hamfanani? Nani amekosea?" Watoto wanahesabu tena, wanabishana, mwisho wanaona wote wako sawa. Hapo wamefikiri, wamezungumza na wamejiamini. Hesabu ni moja. Tofauti ni swali la mwalimu.

Lakini mchezo usio na lengo nao si somo. Mwalimu aliyeelewa, ukimuuliza mbona watoto wanafinyanga udongo, atakujibu: vidole vinapata nguvu ya kushika kalamu.

Na kompyuta je? Shule isiyo nayo isikate tamaa. Simu moja yaweza kutoa sauti za wanyama, watoto wakawataja. Tena wazungumze lugha ya eneo lao, kwani sera inakubali. Mtoto hawezi kueleza sababu kwa lugha asiyoijua.

Kikundi kifanye nini?

1. Kusanyeni vifuniko, magunzi ya mahindi na makopo yasiyo na makali, mkavioshe. Vitu vidogo kama maharagwe vitumike mwalimu akiwa karibu, maana mtoto huvitia puani.
2. Ombeni nyanya au babu mmoja aende kusimulia hadithi mara moja kwa wiki.
3. Mkitembelea darasa, msiulize nani ni namba moja. Ulizeni watoto wametengeneza nini na wameuliza nini.
4. Saidieni walimu wa shule jirani wakutane, kila mmoja amtazame mwenzake akifundisha. Mafunzo ya siku chache pekee hayatoshi.

Maswali ya kujadiliana

- Mwalimu wetu ana watoto wangapi? Tunaweza kumpunguzia mzigo vipi?
- Nyumbani, mtoto akiuliza "kwa nini?", sisi humjibu au humnyamazisha?

Hilo la mwisho lijibiwe kwa ukweli. Mtoto aliyenyamazishwa jikoni hatazungumza darasani, hata mwalimu awe hodari namna gani.