Dola ya Mateka na Makaburi ya Andersonville

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika masomo ya historia twafundishwa kwamba sarafu ya kale huweza kumweleza mtaalamu ni mfalme gani aliyetawala na biashara yake ilifika wapi. Lakini ziko sarafu nyingine ambazo hazikupigwa kwa ajili ya soko. Hizo huitwa sarafu za ukumbusho. Wasomaji wapenzi, nataka kuwaeleza habari za sarafu moja ya namna hiyo, iliyotolewa na serikali ya Marekani mwaka 1994, na habari za makaburi yaliyo karibu na jumba ambalo sarafu hiyo ilisaidia kulijenga.

Kwanza tuitazame sarafu yenyewe. Ni dola ya fedha, upana wake milimita 38.1 na uzito wake gramu 26.73. Katika kila sehemu kumi za madini yake, tisa ni fedha na moja ni shaba. Upande mmoja amechorwa tai anayeruka na kupenya duara la seng'enge, na mguuni mwake ungali unaning'inia mnyororo. Maana yake ni mateka wa vita aliyepata uhuru. Upande wa pili limechorwa jumba la makumbusho ya mateka wa vita, ambalo wakati huo lilikuwa bado halijajengwa.

Pili, tuone jinsi sarafu ya namna hii inavyofanya kazi. Kwa sheria ni dola moja tu, na mwenye nayo aweza kununulia kitu cha dola moja. Lakini hakuna afanyaye hivyo, kwa kuwa aliinunua kwa bei kubwa zaidi. Ndani ya bei ile Bunge la Marekani liliagiza ziongezwe dola 10 kwa kila sarafu, ili zisaidie kulijenga jumba lile. Basi sarafu 1,000 zikiuzwa, hupatikana dola 10,000. Hivyo mnunuzi anabaki na sarafu yake sandukuni, na mchango wake unakuwa mawe na ukuta. Jumba lilifunguliwa mwezi wa Aprili 1998 huko Andersonville, katika jimbo la Georgia.

Kwa nini Andersonville? Marekani ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1861 hata 1865, majimbo ya Kusini yakitaka kujitenga na kushika utumwa. Hapo mwanzo pande mbili zilikuwa zikibadilishana mateka. Mpango huo ulivunjika, hasa kwa sababu watu wa Kusini walikataa kuwahesabu askari weusi kuwa mateka sawa na wenzao. Kambi zikajaa. Mwezi wa Februari 1864 ilifunguliwa kambi ya Andersonville, iliyokusudiwa watu 10,000. Kufika Agosti walikuwamo zaidi ya 30,000. Hawakuwa na nyumba. Maji ya kijito yalikuwa machafu, na chakula kilikuwa haba. Kiseyeye, kuhara na kuhara damu viliwaua wengi. Kwa miezi 14 waliingia kambini mateka kama 45,000, na karibu 13,000 wakafa.

Maiti walizikwa na mateka wenzao, bila majeneza, bega kwa bega katika mitaro mirefu. Ndiyo maana hata leo mawe ya makaburi yale yamekaribiana sana. Penye kila maiti kilichomekwa kigingi chenye namba, na namba ile iliandikwa katika daftari pamoja na jina la marehemu. Yafaa tulielewe jambo hili vizuri: kigingi bila daftari ni namba tupu, na daftari bila kigingi ni jina lisilo na mahali.

Aliyepewa kazi ya ukarani wa daftari hilo alikuwa mateka mmoja aitwaye Dorence Atwater, kijana wa miaka 19 tu, ambaye amewazidi umri kidogo wanafunzi wa kidato chetu. Alihofu kwamba vita vikiisha daftari la wakubwa wa kambi litapotea. Kwa hiyo alinakili orodha ya pili kwa siri, akaificha katika bitana ya koti lake, akatoka nayo. Mwaka 1865 alirudi Andersonville pamoja na Bi. Clara Barton, aliyekuwa akiwatafutia wazazi habari za watoto wao waliopotea vitani, na mafundi wa serikali. Wakaliandama kila kaburi kwa namba yake na kulitia jina. Walipomaliza, makaburi yaliyobaki bila jina yalikuwa kama 460 tu. Orodha yenyewe ilipigwa chapa mwaka 1866, na wazazi wengi wakajua hapo ndipo watoto wao walipolala.

Wako watakaosema kwamba si heshima kuuza ukumbusho wa wafu kama bidhaa. Neno lao lina uzito, kwani sarafu iliyofungiwa sandukuni haimfundishi mtu. Nami nawajibu kwamba wafu hawahitaji fedha, bali sisi tulio hai twahitaji mahali pa kujifunzia, na mahali hapajengwi kwa maneno matupu. Hata hivyo tusisahau mpango wa mambo. Sarafu ilikuja miaka 130 baadaye. Kama kijana yule asingeandika, fedha zote za sarafu zisingeweza kununua jina hata moja.

Basi, wenzangu, likizo ijayo tuwaulize wazee wetu majina ya ndugu waliofia mbali, tuyaandike pamoja na mahali na mwaka. Kalamu na daftari kila mmoja wetu anavyo.

Maswali
1. Dola moja ya ukumbusho huu ina gramu ngapi za fedha, na ngapi za shaba?
2. Ikiwa waliokufa ni 13,000 na makaburi yasiyo na jina ni 460, ni wangapi katika kila mia hawakujulikana?
3. Eleza kwa nini kigingi na daftari havifai kutenganishwa.