Magoti Yanapouma

Wazee wetu wakiumwa magoti huambiwa wapumzike. Tunaona ushauri huo umewaumiza wengi. Goti hutegemea misuli ya paja. Ukikaa tu, misuli hulegea na maumivu huzidi. Keti kitini, nyoosha mguu mmoja, hesabu hadi 5, ushushe; rudia mara 10 kila siku.

Upasuaji upo. Mwaka 1962 daktari bingwa wa mifupa John Charnley, wa Uingereza, alifanikisha nyonga bandia ya chuma na plastiki, na baadaye yakaja magoti bandia. Lakini hiyo ni hatua ya mwisho, tena ya gharama.

Goti la mtoto likivimba ghafla, likawa la moto na ana homa, msilikande. Usaha huharibu kiungo kwa siku chache. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kamati ya usharika iwe na nauli tayari.