Tangi la Maji Taka na Usalama wa Kisima

Tangi la maji taka hudhaniwa kuwa ghala la uchafu tu, ilhali limo kazini daima. Maji yaingiapo hutulia: vitu vizito huzama vikawa tope, mafuta huelea yakawa utando, nao bakteria wasiohitaji oksijeni humeng'enya sehemu ya tope hilo. Maji ya katikati hutoka kuelekea shimo la kufyonzea, yakiwa bado na vijidudu vya maradhi. Udongo ndio uyachujao. Kisiwani Mombasa, ambako mwamba wa matumbawe una matundu mengi, maji hayo huweza kufika kisimani kabla ya kuchujika. Hivyo basi, kisima hakina budi kuwa mbali na shimo, na tope linyonywe kabla halijafurika na kuuziba udongo.