Darsa: Bei ya Vitu vya Sanaa na Amana ya Dalali

Mchele una bei yake sokoni; mnunuzi akipunjwa leo, kesho atajua. Walakini mlango wa nakshi, kiti cha enzi au picha ya msanii mashuhuri havina pishi wala ratili ya kuvipimia. Bei yake yategemea neno la mjuzi. Na mjuzi akifanya khiyana, aliyedhulumiwa huenda asijue mpaka afe.

Natutazame yaliyotokea ng'ambo. Sotheby's na Christie's ni nyumba mbili kubwa za mnada zilizoasisiwa London, ya kwanza mwaka 1744 na ya pili 1766. Watu huzikabidhi vitu vyao vya thamani ziwauzie kwa ujira, wakitaraji kuwa zashindana. Kumbe katika miaka ya 1990 wakubwa wake walipatana kwa siri juu ya ujira wa kuwatoza wauzaji. Siri ilipofichuka mwaka 2000, nyumba hizo zilikubali kuwalipa wateja dola milioni 512. Mwaka 2001 Alfred Taubman, aliyekuwa mwenyekiti wa Sotheby's, alitiwa hatiani, kisha akafungwa.

Je, kosa lilikuwa ni ughali? La. Bei zilipopanda Madina, Mtume (s.a.w.) aliombwa aziwekee kikomo, naye akakataa. Mnada nao ni halali. Kilichoharimishwa ni hadaa. Alikataza najshi, nayo ni mtu kupandisha bei hali hana nia ya kununua, bali kumhadaa mwengine. Akakataza pia kuwalaki wenye misafara nje ya mji kabla hawajaijua bei ya soko. Na aliyeuza hivyo, akifika sokoni ana hiari ya kuivunja biashara.

Basi tujipime nafsi zetu. Dalali akiingia nyumba ya kale Lamu au Mombasa, akamwambia mjane kuwa mlango wake ni mbao kuukuu tu, hali ajua mnunuzi wake atatoa mara kumi, mjane huyo ndiye msafara uliolakiwa nje ya mji. Faida ya dalali ni halali yake. Uwongo alioipatia faida hiyo si halali. Na aseme alijualo, autaje ujira wake waziwazi, kisha wapatane kwa ridhaa. Mwenye mali naye asiuze kwa haraka kabla hajauliza wajuzi wawili watatu.

Asiyeijua bei amekuamini. Na kuaminiwa ni amana, nayo itaulizwa. Wabillahi taufiki.