Upatanisho wa Kisarufi katika Matini za Kompyuta

1.0 Utangulizi
Mwaka 1994 Jakob Nielsen alitoa kanuni kumi za kutathmini mawasiliano baina ya kompyuta na mtumiaji. Kanuni ya pili yasema kwamba mfumo sharti uzungumze lugha ya mtumiaji. Makala hii inadai kwamba, kwa Kiswahili, sharti hilo halitimizwi kwa kutafsiri msamiati peke yake.

2.0 Tatizo la Upatanisho
Aghalabu mwandishi wa programu huandika sentensi yenye pengo, kisha kompyuta hulijaza kwa nomino. Katika Kiingereza, sentensi moja yaweza kuzitosha nomino zote za umoja. Katika Kiswahili, kitenzi hufuata ngeli ya nomino:

(1) a. Picha imefutwa.
    b. Ujumbe umefutwa.
    c. Jina limefutwa.
    d. Kitabu kimefutwa.

Atumiaye kiolezo cha (1a) kwa nomino zote atazalisha *Ujumbe imefutwa. Kosa hili si la urembo tu. Nomino inapodondoshwa, kiambishi ndicho kimwelezacho msomaji kitu kilichofutwa. Mtu aliyefuta ujumbe wenye picha, akijibiwa "Imefutwa", aweza kudhani kwamba picha tu ndiyo iliyoondoka na kwamba maneno yake yangalipo.

3.0 Hitimisho
Kwa hiyo, mfasiri akabidhiwe sentensi kamili kwa kila nomino, ya umoja na ya wingi, wala si vipande. Aidha, mwanaisimu ashirikishwe programu ingali inasanifiwa, si baada ya kukamilika.